Kadi ya Tatu ya Seremala

Sitaki mtu aniambie kitu kuhusu ekzosi yangu. Niliikata mwenyewe, nikaichomelea mwenyewe, na tangu niifunge kwenye pikipiki hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimefika. Walijua. Watoto wa mtaani waliinua vichwa nikiwa bado kwenye kona ya duka la dawa. Mke wangu akisikia mngurumo alimimina chai, nami nikiingia ndani naikuta imepoa kidogo, vile ninavyoipenda. Wengine huandika bango mlangoni. Mimi bango langu lilikuwa linasikika.

Ndiyo maana Shangazi aliponitaka nimwendeshe kwenye mbio zake, nilivimba kichwa. Shangazi si wangu, ni wa mke wangu, lakini ukishaoa kwenye ukoo ule umeoa na mashangazi. Siku za kazi anafundisha watu kuendesha gari, na mwanafunzi wake akikanyaga breki kwa pupa hulala na aibu wiki nzima. Mwisho wa wiki ni refa wa triatloni, zile mbio ambazo mtu mzima na akili zake anaogelea, akitoka majini anapanda baiskeli, akishuka kwenye baiskeli anakimbia, na akimaliza anasema amefurahi.

Sisi wawili tulisimamia kipande cha baiskeli, mimi kwenye usukani, yeye nyuma yangu na kizibao chake cha kung'aa na filimbi shingoni. Kanuni yenyewe ni rahisi kuieleza. Ukiendesha nyuma kabisa ya mwenzako, upepo unampiga yeye, wewe unateleza tu. Sisi tunaita kula lifti. Katika mbio hizi kila mtu anatakiwa kupambana na upepo wake mwenyewe, kwa hiyo kati yako na aliye mbele lazima pawe na mita kumi na mbili, ambazo Shangazi huwaeleza wageni kuwa ni magari madogo matatu yaliyo kwenye foleni. Mtu akikupita, wewe uliyepitwa ndiye unayelegeza miguu mpaka nafasi irudi. Ukikamatwa unaoneshwa kadi ya buluu, na unakwenda kusimama kwenye hema la adhabu dakika tano ukiwatazama wenzako wakipita. Kadi tatu kwa msimu, msimu wako umekwisha.

Shangazi hakuwa na mchezo. Hakutoa kadi kwa kuangalia kutoka nyuma, kwa sababu ukiwa nyuma ya watu wawili huwezi kujua kweli wameachana kiasi gani. Alinigonga bega, nikasogea mpaka tukawa sambamba nao, akaangalia kwa ubavu, kisha akaamua. Hakuna aliyewahi kusema kwamba Shangazi alimwonesha kadi mtu asiyestahili. Hata mimi nisiyempenda kila siku nitalisema hilo mbele ya yeyote.

Msimu ule kadi zilikuwa chache sana. Mbio ya kwanza tulitoa moja, kwa Seremala. Mbio ya pili tulitoa moja, kwa Seremala yule yule. Wengine wote tuliwakuta wamepangana vizuri barabarani kama viti vya harusini, kila mmoja na nafasi yake. Mwenyekiti wa kamati alisimama siku ya kugawa medali akasifu nidhamu, akasema ni mmoja tu anayetutia doa. Daktari wa Meno, ambaye huwa wa kwanza au wa pili na hukumbusha watu kuwa huwa wa kwanza au wa pili, alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Seremala ni kiziwi tangu utotoni, na kila mtu alilijua. Tena kwa jambo hilo tulijiona watu wema. Mbio zilipoanza kwa honi, aliwekwa mtu wa kumpungia bendera. Shangazi hakumpigia filimbi bure. Alinitaka nimpite, kisha akageuka na kumwonesha kadi usoni aione. Masikio yake tulikuwa tumeyafikiria kila mahali, tulidhani.

Katikati ya wiki, Shangazi alikuwa gerejini kwangu akinisubiri nimrekebishie klachi ya gari la chuo, na akinieleza jinsi ya kuirekebisha. Seremala akaingia na dada yake, msusi mwenye saluni mtaa wa pili, ambaye ndiye humtafsiria. Vumbi la mbao lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Shangazi alikaza uso kabla hata ya salamu, maana alijua kilichobaki ni mbio mbili tu, na ya mwisho ndiyo ya kuchagua timu ya mashindano makubwa. Kadi moja zaidi na Seremala angeitazama akiwa kando ya barabara. Miaka miwili alikuwa anaamka kabla ya jogoo kwa ajili ya timu ile.

Shangazi alisema kadi hazizungumzwi gerejini.

"Hajaja kuomba, Shangazi," dada mtu akajibu. "Ana kitu anataka muone. Anahitaji pikipiki ya Fundi, na Fundi mwenyewe."

Nilichoombwa kilikuwa rahisi. Niende hadi mwisho wa mtaa, kule kwenye tangi la maji, nigeuze, nirudi kwa mwendo ule ule wa kwenye mbio. Wao wawili wangesimama pembeni mwa barabara wamenipa mgongo, kila mmoja anyooshe mkono atakapojua kwamba naja. Nikaenda. Nikageuza. Nilikuwa sijafika hata gia ya tatu nikaona mkono wa dada mtu uko juu. Nikapita duka la dawa, mkono wake mmoja bado uko juu na kaka yake amesimama vile vile, mikono mfukoni, anaangalia ukuta. Aliinua wake pale kioo changu cha pembeni kilipokaribia kumgusa kiwiko, na nadhani ni upepo wangu ndio aliousikia mwilini.

Nilizima injini. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni ameshika kikombe. Alikuwa anaangalia mtaa, kutoka kwenye tangi la maji hadi pale niliposimama, akiupima kwa macho. Nami nilikuwa naupima pia, na jasho la aibu likaanza kunitoka. Waendesha baiskeli wote walikuwa wanatusikia. Tukiwa bado mbali walikuwa wanaachana, wanajipanga, wanatupa nyuso za malaika, na tukishapita wanarudi kushikana. Aliyebaki pale pale alipokuwa ni mmoja. Kumbe mimi na bango langu ndio tuliokuwa tunawapigia wezi mbiu.

Shangazi aliweka kikombe chini. Alisema kwa sauti ya taratibu, akimtazama Seremala, si dada yake, kwamba hata hivyo alikuwa amekula lifti. Mara zote mbili. Kadi ni za kweli.

Dada mtu alitafsiri, Seremala akakubali kwa kichwa bila kusita, kisha mikono yake ikaenda haraka mpaka dada yake akamtaka apunguze.

"Anasema ni kweli, alikula. Hataki umsamehe. Na hataki mumfungie kifaa cha kumtetemesha mkija, kama mwenyekiti alivyopendekeza, ili na yeye awe anawakimbia kama wale wengine." Akasita, akamwangalia kaka yake kuhakikisha. "Anasema, msinifanye mimi nisikie. Wafanyeni wao wasisikie."

Usiku ule sikula vizuri. Mke wangu aliniuliza nina nini, nikamwambia ni klachi.

Mwoka mikate wa mtaani kwetu ana pikipiki ya umeme ya kusambazia mikate. Haina sauti hata ya mbu. Ina sanduku jeupe nyuma lenye picha ya mkate unaocheka. Shangazi alikwenda kuiazima mwenyewe, na aliporudi akaniambia nijizoeze nayo. Nilimwomba angalau tuondoe sanduku. Alisema sanduku litamsaidia kuegemea. Basi nikazunguka mtaa mzima juu ya mkate unaocheka, na wale watoto waliokuwa wakiinua vichwa nikiwa kona ya duka la dawa, safari hii hawakuniona mpaka nilipowapita, na waliponiona walicheka mpaka wakakaa chini.

Mwenyekiti hakuipenda habari hiyo. Alikuja kwa Shangazi na maneno ya mzunguko, kwamba mashindano ni furaha, kwamba watu wakikamatwa wengi itaonekana kama tuna mbio za wahuni, na kwamba isitoshe hema la adhabu ni dogo, linaingia watu wanne. Shangazi alimwambia waliozidi watasimama nje, kwa sababu kivuli si sehemu ya kanuni.

Lakini alikataa pia kuvizia. Mimi nilitaka tuvae koti la mwoka mikate tujifanye tunapeleka oda. Aliniangalia mpaka nikajuta. Refa hajifichi, alisema, anaacha tu kujitangaza. Asubuhi ya mbio, wote wakiwa wamekusanyika na kofia zao za kuogelea, alisimama juu ya kreti ya soda na kizibao chake, akawaonesha pikipiki, akawaambia leo hawatatusikia. Dada mtu alikuwa mbele akitafsiri.

Daktari wa Meno akanyoosha mkono. "Sasa tutajuaje kama mpo?"

Watu wengine walicheka. Shangazi aliliacha swali lile lining'inie pale mpaka waliokuwa wanacheka wakaona haya, na Daktari mwenyewe akaanza kurekebisha kofia yake ambayo haikuwa na tatizo.

Unaweza kufikiri baada ya onyo kama lile watu walinyooka. Kwa kilomita za mwanzo walinyooka kweli. Walikuwa wanageuza shingo kila mara kama kuku barabarani. Lakini mtu hawezi kuendesha baiskeli akiangalia nyuma asubuhi nzima, na mazoea ya masikio hayaishi kwa tangazo moja. Hawakusikia kitu, na kutosikia kitu kwao siku zote kulimaanisha refa yuko mbali.

Tuliwakuta kwenye barabara ndefu ya maghala, pale ambapo hakuna kona na upepo unakuja usoni. Kwanza niliona mgongo mmoja mbele kabisa, peke yake, umeinama. Nilimjua kwa fremu yake ya njano. Seremala. Nyuma yake walikuwa watu wanane wameshikana gurudumu kwa gurudumu, wamejikunyata mmoja nyuma ya mwingine, Daktari wa Meno akiwa wa pili, na walikuwa wanamfikia kwa sababu mtu mmoja hawezi kushindana na kundi linalopokezana upepo. Sikuamini macho yangu. Msimu mzima nilikuwa nimewaona watu hawa wakiwa wameachana, nikawaheshimu.

Shangazi alinigonga bega, nikasogea kwa ubavu, bado nyuma kidogo. Alikuwa na simu shingoni ikirekodi, anaitajia namba zao moja moja kwa sauti ya chini. Aliyeongoza kundi hakumtaja, kwa kuwa huyo alikuwa anakula upepo wake. Hakuna aliyegeuka. Nilihisi raha mbaya, ile ya kumkuta mtu amejifungia jikoni na sufuria mapajani.

Kisha wakampita Seremala, wote, mmoja baada ya mwingine. Hakuwasikia wakija, alishtuka tu vivuli vilipompita begani. Sasa kanuni ilimtaka yeye aliyepitwa alegeze miguu na kuwaachia. Na akalegeza. Niliona nafasi ikifunguka, gari moja, gari la pili. Mtu aliyekuwa mkweli tangu majini alikuwa anarudishwa nyuma na wezi, na kanuni ndiyo iliyomwamuru. Nilitaka kulia kwa hasira.

Halafu upepo ukaongezeka. Aliinua kichwa, akautazama mgongo wa mtu wa mwisho. Akainama, akasukuma, akaifunga ile nafasi yote, na akakaa pale nyuma ya lile gurudumu la mwisho.

"Mkwe," Shangazi akasema sikioni mwangu, "usipunguze mwendo." Akaanza kuhesabu. Hesabu ile huwa anampa kila mtu, kama kuna anayetaka kupita, apite. Kama kuna anayetaka kurudi nyuma, arudi.

Nilikuwa naomba arudi. Nilikuwa naomba kwa sauti ndani ya helmeti, rudi nyuma baba, rudi, geuza shingo basi, geuza mara moja tu. Kidole gumba changu kilikuwa tayari kiko juu ya honi. Ile pikipiki ya mkate ina honi kali, nadhani ndicho kitu pekee kinachofanya kazi ya kelele kwake. Ningebonyeza mara moja na Shangazi angenifukuza, na nilikuwa radhi kufukuzwa. Kidole kilishagusa, ndipo nikaelewa. Ningebonyeza, wangeshtuka wote. Wangeachana wote, Daktari wa Meno na wenzake, na kukaa kwa adabu. Angebaki pale pale mmoja, yule yule niliyetaka kumwokoa.

Nikaondoa kidole.

Shangazi alimaliza kuhesabu. Akataja namba ya Seremala kwenye simu kwa sauti ile ile aliyowatajia wengine. Baada ya hapo filimbi ikalia na kadi zikatoka, ya mmoja, ya mwingine, mpaka Daktari wa Meno ambaye alisema "Mimi?" kama mtu aliyeitwa na polisi kwa jina la baba yake. Wa mwisho tulimpita, Shangazi akageuka, akamwonesha usoni. Seremala aliitazama ile kadi, akamtazama Shangazi, akaitikia kwa kichwa.

Hema halikutosha. Wanne walikaa ndani, waliobaki wakajipanga juani, na watazamaji wakaacha kuangalia mbio wakaja kuangalia hema. Mwenyekiti alikuwa anatembea huku na huku akifuta jasho. Seremala alikuja wa mwisho. Akasimama na baiskeli yake ya njano, akaangalia waliomo hemani, akaangalia waliopanga mstari, akawahesabu kwa kidole bila kuona haya. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiti cha baiskeli, machozi yakimtoka, na mimi sikujua ni machozi ya namna gani. Ile ilikuwa kadi yake ya tatu. Msimu wake ulikuwa umekwisha pale, na timu imeondoka nao.

Shangazi alimsogelea akamuuliza, kupitia dada yake, kwa nini alirudi kwenye lile gurudumu, wakati alijua, wakati yeye ndiye aliyelitaka jambo hili.

Alijibu kwamba aliuona mgongo mbele yake na mwili ukaamua wenyewe. Akaongeza jambo, taratibu, akimwonesha Shangazi mwenyewe kwa mikono yake kana kwamba alitaka aelewe bila kutafsiriwa. Dada yake alisubiri amalize.

"Anasema asante. Anasema leo ameadhibiwa. Zile siku nyingine alikuwa amechaguliwa tu."

Shangazi, na kadi ya buluu bado mkononi, alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, mbele ya watu, na akamwambia kwamba kadi zote alizotoa yeye kabla ya siku ile zilikuwa za kweli lakini hazikuwa za haki, na anataka zisihesabiwe kwa yeyote. Mwenyekiti akasema refa hawezi kujikana. Shangazi akasema hajikani, alichokiona alikiona, ila alikuwa amewaona wasiomsikia akadhani amewaona wote. Kama kamati haitaki, basi itafute refa mwingine na imtafutie pikipiki yenye kelele.

Kamati ilikaa jioni mbili. Kelele zilikuwepo, nasikia, na aliyenishangaza ni Daktari wa Meno, aliyesema neno moja tu, kwamba zifutwe, akaondoka kabla ya chai. Matokeo yalibaki kama yalivyo. Kadi za nyuma zikaondolewa kwenye hesabu ya msimu. Seremala angeanza mbio ya mwisho na kadi moja, sawasawa na waliokuwa hemani, na kama atachaguliwa au la ni shauri la miguu yake.

Mimi niliifungua ekzosi yangu Jumapili. Niliikata kwa msumeno, sitaki kusema nilivyojisikia, nikafunga ile ya kiwandani ambayo inafanya pikipiki ya mwanaume ikohoe kama mgonjwa anayeogopa kuwasumbua wenzake. Mke wangu sasa hanisikii nikija, na chai naikuta bado haijamiminwa.

Seremala alipita na dada yake wakati namalizia. Nilitaka ajue. Nikamwonesha kile chuma kilichokatwa sakafuni, nikawasha injini, nikamvuta mkono na kuuweka juu ya tangi, nikasubiri aone nilivyojinyima. Alifumba macho akasikiliza kwa kiganja. Akaniangalia, akainua mabega, akasema jambo kwa mikono.

Dada yake alijitahidi asicheke. "Anasema samahani, Fundi. Yeye haoni tofauti."